Kabla hujamtafuta fundi wa websaiti, kaa na daftari kwanza

Wengi wanaonitafuta hapa Dodoma wanaanza na swali moja, websaiti ni shingapi, na mimi huwa nawarudishia swali, wateja wako wanakuuliza nini kwenye simu? Maana websaiti ya biashara kazi yake kubwa ni iyo, kumjibu mteja yale ambayo angekupigia kuuliza, na kumjibu hata saa sita usiku wewe umelala. Sasa kama hujui anauliza nini, fundi atakujengea kitu kinapendeza kwa macho alafu simu haiiti.

Ntatumia mfano wa gesti moja ya vyumba 12 pale Nkuhungu kwasababu ndo kazi iliyonifungua macho. Mwenye gesti ni mama mtu mzima, alikuja na mawazo yake tayari, anataka dira na dhamira, picha kubwa ya geti, na maandishi yanayotembea kule juu. Nikamwambia mama, tusijenge kitu kwanza, nipe wiki mbili na daftari moja tu. Daftari likakaa pale mapokezi, na kila simu ikiingia au meseji ya WhatsApp, dada wa mapokezi anaandika swali kama mteja alivyolisema, asirekebishe neno. Wiki mbili zilipoisha tukakaa na mama tukapiga vijiti, tukakuta swali linaloongoza wala sio bei. Ni "maji yapo?" Mtu aliyewahi kulala Dodoma akaamka hamna maji bombani anakuelewa mara moja. Likafuata "choo ndani?", alafu "gari litalala wapi?", alafu "kutoka stendi ya Nanenane bodaboda shingapi?", na moja ambalo mama hakulitegemea kabisa, "mnatoa risiti ya EFD?" Hao ni watumishi wanaokuja kikazi Mtumba kwenye mji wa serikali, bila risiti wakirudi ofisini kwao wanapata shida kwenye marejesho.

Kwahiyo ukurasa wa kwanza ukajiandika wenyewe. Mama alitaka tuandike "maji hayakatiki", mimi nikakataa, kwasababu siku yakikatika mteja atakuona muongo na hatarudi, tukaandika kilichopo: tuna tenki la lita 10,000, vyumba vyote choo ndani, maegesho ni ndani ya geti, risiti ya EFD unapewa. Chini yake bei ya chumba, kwa namba kabisa. Najua wafanyabiashara wengi mnaogopa kuweka bei eti washindani wataona, lakini washindani wako bei zako wanazijua siku nyingi, anayekosa kujua ni mteja, na mteja akiona "piga simu upate bei" anahisi utamkadiria kwa sauti yake.

We fanya hivo hivo hata kama unauza alizeti Kibaigwa au unatengeneza madirisha ya alumini Chang'ombe. Wiki mbili, daftari, maneno ya wateja. Alafu chora kurasa kwenye karatasi kwa kalamu, nyingi hazizidi nne: mwanzo, huduma na bei, picha, namna ya kukupata. Ukimpelekea fundi karatasi iyo hata bei atakayokutajia inakua ya maana, maana anajua anajenga nini.

Sasa jina, yaani domeini, ile anuani mteja anayoandika kukufungua, na hapa naomba unisikilize vizuri maana hapa pana maumivu. Biashara nyingi zinachukua jina linaloishia na .co.tz, na watu wa malazi wana .hotel.tz pia, zinasajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa na unalipia kila mwaka. Sajili kwa jina LAKO, imeili YAKO, namba yako ya simu. Miaka ya nyuma nilikua na biashara ndogo ya vifaa vya ofisi na mtu aliyenitengenezea websaiti akasajili kila kitu kwa imeili yake, nikaona amenisaidia, mwaka wa tatu akahama mji na namba haipatikani, domeini ikaisha muda na mimi hata ujumbe wa kukumbushwa sikuupata kwasababu ulikua unaenda kwake. Kadi za biashara nilishachapa, bango lina anuani ile, mihuri ina anuani ile. Nikaanza upya na jina jingine. Kwahiyo siku unayomlipa fundi hela ya mwisho hakikisha una paswadi tatu mkononi: ya akaunti ya domeini, ya hosti (kompyuta ya kukodi ambako websaiti inakaa), na ya kuingilia websaiti yenyewe, ingia mwenyewe zote yeye akiwepo, alafu zibadilishe.

Hosti haina maneno mengi, kwa websaiti ya kurasa nne kifurushi kidogo kinatosha, uliza tu kama wanatoa cheti cha HTTPS, kinacholinda taarifa kati ya mteja na websaiti (kipo cha bure, Let's Encrypt, kwahiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya kuruka) na kama wanachukua bakapu, yaani nakala ya akiba. Bila HTTPS browza inamwandikia mteja kwamba tovuti hii si salama, na mteja akisoma ivo anaondoka.

Kujenga kwenyewe, mafundi wengi watatumia WordPress, programu ya kujengea websaiti, yenyewe ni ya bure na ipo tangu 2003, hata wewe ukiwa na uvumilivu wa wikendi kadhaa unajifunza. Epuka templeti (mwonekano wa websaiti uliotengenezwa tayari) za kulipia ambazo mtu anakugawia bure kwenye flashi, nyingi zinakuja na virusi ndani na siku moja unakuta websaiti yako inapeleka watu kwenye kamari. Na plagini, vile viprogramu vya kuongezea kazi, usijaze, weka unazozitumia tu na uzisasishe kila zinapodai.

Kinachoua websaiti nyingi za huku kwetu ni picha. Mtu anapiga picha na simu, moja ina MB 4, anapandisha kumi zilivyo, tayari ukurasa una MB 40, na mteja yuko ndani ya basi anatokea Singida na bando la kuungaunga, unadhani atasubiri? Chukua kila picha ipunguze upana ufike pikseli 1200 hivi na uihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, kuna kifaa cha bure kinaitwa Squoosh kinafanya ndani ya browza bila kuinstoli kitu, picha ya MB 4 inaweza kushuka mpaka chini ya KB 200 na kwenye simu huoni tofauti. Na piga picha za kweli. Yule mama tulipiga vyumba saa nne asubuhi mapazia yamefunguliwa, tukapiga na bafu bomba likiwa linatoa maji, na iyo picha ya bomba ndo wateja walikua wanaitaja wakipiga simu.

Kitufe cha WhatsApp kiwe kinaonekana bila kushuka chini. Linki yake unaandika wa.me/ alafu namba ikianza na 255, bila jumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, wengi wanakosea hapo kitufe hakifunguki na hawajui mpaka mwaka unaisha. Namba ya kawaida nayo iwe ya kubonyeza ipige, sio picha ya namba. Ukiweka fomu ya kujaza jina na simu ujue unakusanya taarifa binafsi za watu na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, kwahiyo omba unachohitaji tu na usigawe namba za wateja, na kama huna ulazima wa fomu achana nayo, WhatsApp inatosha. Alafu jisajili kwenye ramani ya Google, ni bure, uweke websaiti yako pale, maana mgeni anayetafuta gesti Dodoma mara nyingi anaanzia kwenye ramani.

Kabla hujatangaza, azima simu ya bei ya chini, zima wifi, toka nje usimame barabarani ufungue websaiti yako kwa bando. Hesabu sekunde. Alafu mpe mtu ambaye hajawahi kufika kwako mwambie tafuta bei na unipigie, wewe nyamaza umwangalie kidole kinahangaika wapi, hapo ndo pa kurekebisha.

Daftari la yule mama bado lipo mapokezi. Mwezi wa tatu tunalipitia kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili, tunaangalia bei na picha. SGR ilipoanza kufika Dodoma 2024 dada alianza kuandika swali jipya, "nikishuka na treni usiku nitapokelewa?", mama akaongea na bajaji wawili anaowaamini, na jioni ile ile tukaongeza mstari mmoja kwenye ukurasa wa kwanza: ukija na treni ya usiku tuambie mapema, tunakutumia bajaji.