Kufunga mabomba ya bustani kabla masika hayajashika

Mvua za mwanzo za Machi zikishapiga mara mbili tatu na ardhi ikalowa mpaka chini, usingoje Aprili ikukute. Huo ndio wakati wa kufunga vinyunyizio, mipira ya matone, pampu na ile saa inayofungua maji yenyewe. Wengi huzima swichi tu wakaondoka. Juni wakija kuwasha, nusu ya vinyunyizio havizunguki, na anayelaumiwa ni fundi.

Mteja wangu mmoja, dada wa Makunduchi, huku Unguja, anayeishi Toronto, Kanada, aliwahi kuniuliza kwa simu kama nimeshayapuliza mabomba ya nyumba yake ya huku. Nilicheka, lakini swali lake lina akili. Kule maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuyapeleka, basi hupasuka. Ndiyo maana kabla ya baridi kali hufunga koki kuu, huyatoa maji, kisha huunga kompresa na kupuliza mstari mmoja baada ya mwengine, tena kwa hewa ya kiasi, kwani hewa ya nguvu nayo hupasua. Sehemu zilizo juu ya ardhi huzifunika zisipate baridi. Sisi barafu yetu iko ndani ya friji tu, lakini maji yaliyolala ndani ya bomba ni adui huku kama kule. Tofauti ni kwamba yetu hayapasui, yanaziba.

Yanaziba kwa sababu ya mahali tulipo. Kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje mpaka Michamvi, tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima yamepita kwenye chokaa, na ukikaribia bahari yana chumvi pia. Tundu la kinyunyizio ni dogo kuliko punje ya mtama. Maji yakikaukia humo, chokaa inabaki, na mwaka unaofuata inaongezeka nyengine.

Anza kwa kufunga koki inayotoka kwenye tangi. Kisha nenda mwisho wa kila mstari, ule ulio chini kabisa, ufungue kizibo. Ukimaliza, rudi ufungue koki ya tangi kwa muda mfupi ili maji yasukume uchafu wote nje. Utaona yanatoka mekundu, mara ya kijani, mwisho yanakuwa safi. Hapo funga koki, acha vizibo wazi mpaka mabomba yakauke, halafu virudishe kwa mkono bila spana. Usiviache wazi masika yote: siafu na konokono wataingia, na mchanga utafuata.

Vinyunyizio vifungue vichwa uvitie kwenye kopo la siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Vilaze humo usiku kucha. Asubuhi sugua kwa mswaki mkuukuu. Siki ikiwa hakuna, maji ya ndimu yanafanya kazi, ila ndimu za kopo zima siku hizi ni ghali kuliko siki. Maji ya betri usiyaguse, hata akikushauri nani. Na usichokonoe tundu kwa sindano; litapanuka, na kinyunyizio hicho kitakunywa maji ya wenzake. Chujio lioshe kwa namna hiyo hiyo. Mpira wake ukiwa mkavu, upake grisi ya silikoni. Vaselini na mafuta ya injini huulainisha mpira mpaka ukavimba, kisha hauingii tena.

Pampu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu ndiyo ya pesa nyingi. Kama ni ya juu ya ardhi, kuna kizibo kidogo chini ya tumbo lake. Kifungue maji yote yatoke. Ikikaa miezi na maji ya chumvi ndani, feni yake hushikana na kutu. Siku ya kuwasha ukasikia inanguruma bila kuzunguka, zima hapo hapo, la sivyo koili inaungua. Chomoa umeme, kisha mara nyingi bisibisi kwa nyuma, kuzungusha mhimili taratibu, inatosha kuiachia. Pampu iliyozama kisimani usiitoe. Iwashe dakika chache kila baada ya wiki kadhaa, basi.

Saa ya kumwagilia ichomoe kabisa ukutani. Kuzima swichi hakuizuii radi. Kama ni ya betri, zitoe, maana betri zikivuja hula shaba yote ndani.

Huku uwandani, yaani kwenye ardhi ya mawe, kuchimba mfereji ni kazi ya mtaimbo, na wengi wanalaza bomba juu juu kisha wanalifunika mchanga. Mvua ya Aprili huuchukua mchanga ule. Pita baada ya kila mvua kubwa ufukie palipofunuka, kwa sababu bomba jeupe la PVC likipigwa na jua huwa kavu na kuvunjika kwa teke la mbuzi. Lile jeusi linavumilia zaidi. Visanduku vya valvu pia vikague: vikijaa maji, mbu wanazaa humo, na mbu wa dengi anapenda maji yaliyotulia kama hayo. Toboa chini, tia kokoto.

Mvua ikikata na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikaanza kukausha majani, usifungue koki yote kwa mpigo. Ifungue nusu, vizibo vya mwisho vikiwa wazi, mpaka maji yatoke safi. Vifunge, kisha jaza mstari mmoja mmoja ukisikiliza panapovuja. Saa ipange alfajiri, baada ya sala, upepo ukiwa bado haujaamka. Ukimwagilia mchana wa kusi unamwagilia ukuta wa jirani.