Kuchunguza PFAS kwenye maji ya ardhini karibu na kambi ya ndege za jeshi: chupa inakuja mwisho

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji ya ardhini, nipo huku Marekani miaka kadhaa sasa, na kila nikiwaelezea vijana wanaosoma jiolojia nyumbani swali la kwanza ni lilelile, "mnatumia mashine gani?" Mashine ipo maabara jamani, mimi hata siigusi. Kazi yenyewe ni kujua povu la kuzimia moto, lenye kemikali za PFAS, lilimwagwa wapi na maji yanaelekea wapi, basi. Ukishajua hayo mawili kujaza chupa ni kusimama tu kwenye baridi ukisubiri pampu. Ukiyaruka utajaza chupa hata mia, maabara ikutoze mamia ya dola kwa kila moja, halafu urudi na lundo la namba ambazo hujui zinakwambia nini.

Nitatumia mfano wa Wurtsmith, kambi ya zamani ya jeshi la anga kule Oscoda, Michigan, karibu na Ziwa Huron. Mimi sijafanya kazi pale, ila ripoti zake ziko wazi kwa yeyote na kwa mtu anayejifunza ni darasa zuri sana maana makosa na mafanikio yote yapo humo. Kambi ilifungwa 1993. Watafiti wa chuo kikuu cha Oregon State walichapisha 2003 kwamba maji chini ya uwanja wa mazoezi ya zimamoto yana PFAS, jimbo nalo likaja kupima 2010, na 2012 watu wakaambiwa wasile samaki wa Clark's Marsh, kinamasi kilicho kusini ya kambi. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

PFAS kwa ufupi: ni familia kubwa ya kemikali ambazo kaboni imeshikana na florini, na huo mshikano ni mgumu kiasi kwamba bakteria wa udongoni hawauwezi. Jeshi la majini la Marekani na kampuni ya 3M walizitumia miaka ya 1960 kutengeneza povu linaloitwa AFFF, linatandaza utando mwembamba juu ya mafuta yanayowaka na moto unakosa hewa. Povu lilifanya kazi vizuri mno, tusidanganyane. Shida ni mazoezi, yaani unamwaga mafuta kwenye shimo, unawasha, unazima, wiki nyingine tena, miaka na miaka, na chini yako ni mchanga.

Hatua ya 1: tafuta povu kabla ya kutafuta PFAS

Chukua ramani ya kambi na kalamu. Weka alama kwenye shimo la mazoezi ya moto, hilo kila mtu analijua. Halafu endelea: kituo cha zimamoto, pale magari yao yalipooshwa na mipira ilipojaribiwa, mahanga yenye mfumo wa povu darini (hii mifumo huwa inajifyatua yenyewe usiku bila moto wowote), dampo, mabwawa ya maji taka, na kila mahali ndege ilipowahi kuanguka. Wurtsmith kwa mfano kuna ndege ya KC-135 iliyoanguka ikitua Oktoba 1988, sehemu kama hiyo unaiwekea alama hata kama hakuna karatasi inayotaja povu, maana ndege ikiwaka hakuna anayeandika lita.

Mabwawa ya maji taka ndo watu wanayasahau. Povu likimwagika ndani ya hanga linasukumwa kwenye mfereji wa sakafuni, mfereji unakwenda kwenye mtambo wa maji taka, mtambo hauna uwezo wa kuondoa PFAS, maji yanamwagwa bwawani yanyonywe na ardhi. Kwahiyo unapata chanzo cha pili kilomita nzima kutoka lilikomwagwa povu.

Na tafuta wazee waliofanya kazi pale. Zimamoto mstaafu akikaa na ramani nusu saa atakuonyesha vitu ambavyo havipo kwenye faili lolote. Nenda kwa heshima, usimwendee kama polisi, wengi wao waliambiwa lile povu ni kama sabuni tu na wana wasiwasi na afya zao wenyewe.

Hatua ya 2: soma ardhi

Tafuta rekodi za visima vilivyochimbwa zamani, mchimbaji huwa anaandika alikutana na nini kila mita. Unataka kujua mambo matatu: mchanga unaanzia wapi, mfinyanzi uko wapi, maji yapo kina gani. Wurtsmith ni mchanga na kokoto juu ya tabaka nene la mfinyanzi, maji yanapita kirahisi kwenye mchanga na chini yanazuiwa. Kuna bahati mbaya iliyogeuka bahati njema pale, mwaka 1977 waligundua TCE (dawa ya kuondolea grisi) kwenye maji ya kunywa ya kambi, na kwa sababu hiyo visima vingi vya uchunguzi vilishachimbwa miaka mingi kabla mtu hajasikia PFAS. Kambi nyingi za zamani ziko hivyo. Kabla hujaomba hela ya kuchimba kisima kipya, tafuta vya zamani.

Hatua ya 3: pima maji yanaelekea wapi

Hapa ndo nawaona wengi wanateleza. Uso wa ardhi unaweza kuinamia mashariki na maji ya chini yakaenda kusini, macho hayakusaidii. Unahitaji visima visivyopungua vitatu, visiwe kwenye mstari mmoja, vyote vipimwe siku moja, na kila mdomo wa kesingi (bomba la kisima) uwe umepimwa na mpima ardhi.

Namba hizi ni za mfano tu. Kisima A mdomo upo mita 190.42 juu ya usawa wa bahari na maji yapo mita 4.10 chini ya mdomo, toa, unapata 186.32. Kisima B mdomo 191.05, maji mita 5.33 chini, unapata 185.72. Kisima C mdomo 190.10, maji 3.95 chini, ni 186.15. Umeona? B ndo kimekaa juu kuliko vyote ila maji yake ndo ya chini kuliko yote, kwahiyo maji yanavutwa upande wa B. Chora hizo pointi, unganisha sehemu zenye usawa mmoja, maji yanakata hiyo mistari kwa pembe mraba.

Rudia majira tofauti. Theluji ikiyeyuka, au masika kwa sisi wa kwetu, mwelekeo unaweza kugeuka kidogo, na pampu kubwa ya mji ikiwashwa jirani inavuta maji kuielekea. Wurtsmith penyewe maji hayaendi upande mmoja, mengine yanakwenda Ziwa Van Etten na mengine yanashuka kwenye kinamasi na Mto Au Sable. Ukichora mshale mmoja tu umeshakosea nusu ya kazi.

Hatua ya 4: hesabu ya kasi, ya kienyeji tu

Chukulia A na B zipo kwenye njia ileile ya maji na zimeachana mita 200. Tofauti ni mita 0.60, gawa kwa 200, mteremko ni 0.003. Mchanga wa wastani tuseme unapitisha mita 20 kwa siku, zidisha unapata 0.06, gawa kwa nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, 0.25, jibu ni mita 0.24 kwa siku, kama mita 88 kwa mwaka. Miaka 30 ni kilomita 2.6. Kwahiyo ukiambiwa "tutapima mita 300 kuzunguka shimo" unajua hapo hamna uchunguzi.

PFOS, moja ya hizo PFAS, haikimbii kama maji, inajishika kwenye mboji ya udongo inachelewa. Zile zenye mnyororo mfupi wa kaboni kama PFBS zinatangulia. Ukikuta kisima cha mbali kina za mnyororo mfupi tu na PFOS haijafika, hapo umesimama kwenye ncha ya mkia wa uchafu, yaani maji machafu yanayosafiri kutoka kwenye chanzo, rudi tena baadaye.

Hatua ya 5: chagua visima

Kimoja juu ya chanzo, upande maji yanakotoka, hiki usikiache kwa sababu siku hizi hata mvua ina PFAS kidogo na bila hiki utabishana na mawakili milele. Kadhaa kwenye chanzo. Halafu mstari wa visima unaokata mkia kwa upana, na kwa kila kituo angalau visima viwili vya kina tofauti, maana mvua ikiendelea kunyesha juu yake mkia unasukumwa chini kadiri unavyosafiri. Kisima kifupi kinaweza kusema salama na mita kumi chini yake kuna balaa.

Hatua ya 6: siku ya sampuli

Tunapima nanogramu kwa lita, yaani sehemu moja kwenye trilioni, kwahiyo wewe mwenyewe na nguo zako mnaweza kuwa chanzo. Usivae koti lisiloingiza maji lililopakwa kemikali, usitumie mipira wala tepu yenye Teflon, vikaratasi vya kunata hapana, chakula cha kwenye karatasi zisizopitisha mafuta kiache kwenye gari. Nguo za pamba zilizofuliwa mara nyingi, bila ile dawa ya kulainisha. Glavu za nitrili, mpya kila kisima.

Mwaka wangu wa kwanza mvua ilinyesha asubuhi, nikachukua koti jipya la mvua kwenye gari nikavaa, nikawaza ni dakika chache tu. Blanki ya siku ile, ile chupa ya maji safi ya maabara unayoifungua palepale kisimani kuthibitisha hujachafua, ikarudi na PFAS. Visima sita, siku nzima, vikaenda na maji. Tulirudi kuchukua vyote upya na bosi hakusema neno hata moja, bora angefoka.

Anza na kisima unachodhani ni kisafi zaidi, malizia kwenye chanzo. Pampu iende taratibu, angalia pH, oksijeni, upitishaji umeme na tope mpaka visomeke vilevile mara tatu mfululizo, ndo ujaze. Chupa ni za plastiki ya HDPE kutoka maabara yenyewe. Usihamishe maji kutoka chupa moja kwenda nyingine, PFAS inaganda kwenye kuta, ndo maana kwenye njia ya 1633 ya EPA (shirika la mazingira la Marekani), inayopima PFAS 40 na ilikamilishwa Januari 2024, maabara wanatumia maji yote ya chupa na chupa yenyewe wanaisuuza. Maji ya bomba la kunywa yana njia zake, 533 na 537.1, waambie maabara mapema maana chupa zinakuja na dawa tofauti ndani. Barafu iwe ya maji ya kawaida, sio zile pakiti za jeli. Fomu ya makabidhiano ijazwe pale pale, sio hotelini usiku.

Ziwani zamisha chupa chini ya uso wa maji kwa sababu PFAS inapenda kukaa juu kabisa, na kama kuna povu jeupe limejikusanya ufukweni chukua sampuli yake peke yake, usichanganye, litakuwa na kiwango cha juu mno kuliko maji yaliyo chini yake. Na watoto wasilichezee.

Hatua ya 7: kusoma majibu

Angalia blanki kwanza, halafu sampuli pacha (mbili za kisima kimoja), kama blanki si safi au pacha hazilingani funga faili. Halafu angalia vipimo vya uzito. Ripoti ya 2003 ya Wurtsmith inataja PFOS hadi mikrogramu 110 kwa lita, mtu akisoma haraka anaona 110 tu, kumbe kwa hesabu za leo ni nanogramu 110,000. Kikomo cha EPA cha maji ya kunywa kilichowekwa Aprili 2024 ni nanogramu 4 kwa PFOS na 4 kwa PFOA, PFAS nyingine. Michigan ilikuwa na vikomo vyake tangu 2020, 16 kwa PFOS na 8 kwa PFOA.

Sasa angalia mchanganyiko, mimi hapa ndo napapenda. PFOS nyingi ikiambatana na PFHxS (nayo ni PFAS) nyingi, na PFOS yenyewe ina molekuli zilizonyooka na zenye matawi, hilo ni povu la zamani la 3M. Ukiona PFAS nyingine iitwayo 6:2 FTS imepanda, hilo ni povu la aina nyingine, la teloma. PFOS peke yake bila PFHxS, uliza kama kuna kiwanda cha kupaka kromu jirani. Kambi itakwambia ni kiwanda, kiwanda kitakwambia ni kambi, huo mchanganyiko pamoja na ramani yako ya mishale ndo vitaamua.

Omba pia kipimo cha jumla cha vitangulizi, yaani kemikali zinazoweza kugeuka PFAS za kawaida, maabara wanazioksidisha kuona ngapi zinageuka. Povu lina kemikali nyingi ambazo orodha ya 40 haizioni, na ardhini zinabadilika polepole kuwa hizo hizo tunazozipima.

Hatua ya 8: visima vya majumbani

Hii usiiweke mwisho kwa ratiba, nimeiandika mwisho tu kwa sababu inahitaji ramani. Nyumba yoyote yenye kisima iliyo mbele ya mshale inapimwa mapema, tena chukua maji kwenye bomba lililo kabla ya chujio. Uliza kina cha kisima, kama mwenyewe hajui tafuta rekodi ya mchimbaji. Mwambie tangu siku ya kwanza majibu yatachukua wiki ngapi na nani atampigia. Likirudi jibu la nanogramu 3.1 lenye herufi J pembeni, herufi hiyo maana yake namba ni ya kukadiria, usimwambie "uko salama" na usimwambie "umechafuliwa", mwambie kitu kipo, kiwango ni kidogo, tutarudi miezi mitatu ijayo kupima tena, halafu kweli urudi. Likirudi 60, unapiga simu siku hiyohiyo, kabla ya barua, na maji ya chupa yanafika nyumbani kwake kabla hujakaa kuchora ramani nyingine.