Mwajiri Asije Kusema Hakujua

Msumeno wetu wa mashine ulipopoteza kinga, nilimwambia msimamizi mara tatu, kwa mdomo tu. Ulipomkata mwenzangu kidole, msimamizi akasema hakuna aliyemwarifu. Tangu hapo naandika.

Kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri, mfanyakazi akiumia, huegemea sana swali hili: je, madhara yalitabirika, na mwajiri alichukua hatua za kutosha kuyazuia? Basi andika tarehe, saa, mashine ipi, kasoro gani, nani anaweza kuumia. Usiache siku ambazo mtu aliponea chupuchupu. Kwangu huo ndio ushahidi mzito, maana unaonyesha hatari ilishajitokeza. Piga picha. Mkabidhi mwajiri barua yenye hayo yote, asaini nakala yako, uiweke nyumbani. Kabati langu la kazini liliwahi “kusafishwa.”