Usaili wa Utumishi: anzia mlangoni kwako

Nyie mnaojiandaa na mtihani wa mchujo wa ajira za serikali huku Mtwara na Lindi, punguzeni kukariri zile PDF za "maswali 500". Nusu yake yamepitwa na wakati, na mtu unasoma usiku kucha asubuhi huna kitu.

Mimi hushika kitu kimoja ninachokiona, nakifukua. Mfano Daraja la Mkapa, unalopita ukienda Dar. Lipo mto gani? Rufiji. Lilifunguliwa lini? 2003. Mkapa mwenyewe ni nani? Rais wa awamu ya tatu, 1995 hadi 2005, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Sasa usilichanganye na Daraja la Umoja, hilo lipo mto Ruvuma, linatuunganisha na Msumbiji, lilifunguliwa 2010. Daraja moja limekupa jiografia, historia na uraia. Fanya hivyo kwa korosho (stakabadhi ghalani inafanyaje kazi?), gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyoingia urithi wa dunia 1981, Vita vya Majimaji vilivyoanzia Umatumbini 1905.

Matukio ya sasa: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mistari mitatu kwenye daftari, basi. Majina ya mawaziri na makatibu wakuu andika kwa penseli na uweke tarehe pembeni, maana mabadiliko yanatangazwa hata usiku wa manane! Siku mbili kabla ya usaili, kagua upya ukurasa huo tu.