Namna ya Kumtambua Tirthankara Katika Sanamu na Picha za Kijaini

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika hekalu la Kijaini nchini India, au katika chumba cha sanamu za kale kwenye jumba la makumbusho la Mathura, hukutana na safu ya watu waliotulia ambao ni kana kwamba wametoka katika kalibu moja: mabega mapana, kiuno chembamba, masikio marefu, uso usio na furaha wala huzuni. Huo si uzembe wa mafundi. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, wanaamini kwamba katika zama hizi wametokea Matirthankara 24, walimu waliozishinda tamaa zote, wakapata ujuzi usio na mipaka, kisha wakawaonyesha wengine njia ya kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa upya. Na kwa kuwa wote walifikia hali ile ile, hakuna sababu ya mmoja wao kupewa sura ya pekee. Kwa hiyo usianze na uso. Uso utakujulisha tu kwamba aliye mbele yako ni mwalimu aliyefikia ukamilifu, lakini ni yupi kati ya hao 24, hilo utalisoma kwenye kitako cha sanamu, mabegani, juu ya kichwa, na kwa wale wanaomzunguka.

Tazama kwanza mkao, kwa maana iko miwili tu. Ama Tirthankara ameketi, miguu imekunjwa na viganja vimepakatwa kimoja juu ya kingine vikielekea juu, ama amesimama wima kabisa, mikono ikining'inia pande zote mbili bila kugusa mapaja. Mkao huu wa pili, unaoitwa kayotsarga, ni wa Wajaini hasa, na nafasi ile nyembamba inayoachwa kati ya mkono na paja inafaa kuchunguzwa kwa karibu: mara nyingi fundi ameitoboa kwenye jiwe hadi mwanga ukapita. Tirthankara hana mikono zaidi ya miwili, hashiki silaha, hana mke ubavuni, wala hamwinulii mtu kiganja kwa ishara ya baraka. Ukiona mikono minne au zaidi, unamtazama mungu mlinzi au mungu wa kike, ambaye katika imani hii angali ndani ya mzunguko wa kuzaliwa upya hata akipambwa namna gani.

Wengi humchanganya Tirthankara aliyeketi na Budha, na kosa hilo huweza kuepukwa kwa kutazama sehemu tatu. Angalia kama kuna ukingo wa vazi la kitawa unaopita kifuani au begani. Budha huwa nalo, Tirthankara hana. Kisha angalia katikati ya kifua, ambako sanamu nyingi za kaskazini ya India tangu enzi za Wakushana, watawala wa karne za kwanza baada ya Kristo, huwa na alama ya srivatsa, ambayo katika kazi za baadaye hufanana na ua dogo lenye pembe nne. Kusini alama hiyo mara nyingi haipo, hivyo kukosekana kwake si ushahidi wa lolote. Kinundu cha juu ya utosi kisikuongoze, kwa kuwa hutokea kwa wote wawili. Mikono ndiyo inayosaidia zaidi: mkono wa kulia ukishuka kugusa ardhi, huyo ni Budha.

Hatua inayofuata ni kujua sanamu imetoka katika madhehebu gani. Wadigambara, ambao watawa wao hawavai nguo, humchonga Tirthankara akiwa uchi, bila pambo lolote, macho yakiwa yameinamishwa. Washvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, humwonyesha akiwa na kitambaa kiunoni. Mfano wa mapema unaojulikana sana ni sanamu ya shaba ya Rishabhanatha iliyofukuliwa Akota, Gujarat. Katika mahekalu yao ya leo sanamu hupachikwa macho ya kioo yanayong'aa, huvishwa taji na mapambo, na huguswa kwa rojo ya msandali katika sehemu tisa za mwili wakati wa ibada. Madoa hayo ya msandali ni ya ibada, si utambulisho. Mgeni anaweza kushangaa kuona aliyekana mali zote akivishwa taji, lakini waumini hueleza kwamba pambo ni heshima ya anayeabudu, wala halimwongezei anayeabudiwa kitu.

Sasa inama. Alama ya Tirthankara, lanchana kwa jina lake, huchongwa kwenye kitako cha sanamu, kwa kawaida katikati, na mara nyingi ni ndogo kiasi cha kufunikwa na maua ya sadaka. Fahali ni Rishabhanatha, wa kwanza; ndovu ni Ajitanatha; farasi ni Sambhavanatha; hilali ni Chandraprabha; paa ni Shantinatha; kobe ni Munisuvrata; kombe la baharini lipulizwalo kama baragumu ni Neminatha; nyoka ni Parshvanatha; na simba ni Mahavira, wa 24. Mtungi wa maji ni wa Mallinatha, ambaye Washvetambara husema alikuwa mwanamke, nao Wadigambara wanakataa.

Hapa pana mtego ambao huwanasa hata wenye uzoefu. Kiti cha kila Tirthankara huitwa kiti cha simba, na kwa sababu hiyo simba wawili huchongwa kwenye pembe za kitako hata kama aliyeketi si Mahavira. Simba wa kumtambulisha Mahavira ni yule wa katikati. Vivyo hivyo, katika sanamu nyingi za Washvetambara utaona gurudumu la sheria likizungukwa na paa wawili. Hao ni sehemu ya kiti, hivyo usikimbilie kuandika jina la Shantinatha. Kwa maoni yangu ni heri kukiri kwamba alama imefutika kuliko kulazimisha jina kwa kutegemea mnyama wa pembeni.

Wako wachache ambao mwili wenyewe huwatangaza. Rishabhanatha ana vishungi vya nywele vinavyoteremka hadi mabegani. Masimulizi ya Washvetambara yanasema kwamba alipoiacha dunia alizing'oa nywele zake kwa mkono kama afanyavyo kila mtawa wa Kijaini, lakini alipofika kwenye fungu la mwisho, mungu Indra alimsihi aliache kwa jinsi lilivyopendeza. Parshvanatha hukingwa na vichwa vya swila, kwa kawaida saba, vilivyotanuka juu ya kichwa chake, huku mwili wa nyoka ukijipinda nyuma yake. Huyo ni Dharanendra, mfalme wa nyoka, aliyemkinga wakati adui yake wa kale alipomshushia tufani akiwa katika tafakuri. Hesabu vichwa hivyo kwa makini, kwa sababu Suparshvanatha naye hukingwa na nyoka, ila vichwa vyake kwa kawaida ni vitano na alama yake ya chini ni swastika.

Kitako kikiwa kimevunjika, watazame wasindikizaji. Miavuli mitatu iliyopandana, wapungaji wa mwengo, duara la nuru na ngoma ya mbinguni ni heshima za Matirthankara wote, hivyo hazitakusaidia kupata jina. Walinzi wa kiume na wa kike wanaoketi pembeni husaidia zaidi. Ambika, mwenye mtoto pajani na kichala cha maembe mkononi, humtumikia Neminatha; Chakreshvari, anayeshika magurudumu na kupanda ndege Garuda, humtumikia Rishabhanatha; Padmavati mwenye nyoka yuko pamoja na Parshvanatha. Hata hivyo, katika kazi za kale Ambika huonekana pia kwa Matirthankara wengine, kwa hiyo ushahidi wake peke yake hautoshi.

Mtu mmoja aliye nje ya orodha ya 24 anastahili kutajwa, kwa kuwa sanamu yake ndiyo mashuhuri kuliko zote. Bahubali, mwana wa Rishabhanatha, alisimama katika tafakuri muda mrefu hadi mimea ikampanda miguuni na mikononi na vichuguu vikaota kando yake. Ukiona mimea hiyo inayotambaa imechongwa juu ya mwili ulio uchi, huna haja ya kutafuta alama chini. Sanamu yake ya Shravanabelagola, Karnataka, iliyochongwa kwa amri ya waziri Chavundaraya mnamo mwaka 981 hivi, ina kimo cha mita 17 hivi na humwagiwa maziwa, manjano na msandali katika sherehe kuu ya kila miaka 12 hivi, ya karibuni ikiwa ya mwaka 2018. Katika mapango ya Kijaini ya Ellora, Bahubali na Parshvanatha mara nyingi huchongwa wakikabiliana, mmoja mwenye mimea mwilini, mwingine mwenye nyoka.

Kuhusu sanamu za kale sana za Mathura, za karne tatu za kwanza baada ya Kristo, usihangaike kutafuta alama ya kitako, kwa kuwa desturi hiyo ilikuwa haijaanza. Wakati huo ni hasa vishungi vya Rishabhanatha na nyoka wa Parshvanatha vilivyokuwa wazi. Wengine hutambuliwa kwa maandishi yaliyochongwa chini, ambayo aghalabu humtaja pia mfadhili na mwaka. Kombe la Neminatha kwenye sanamu ya Rajgir, ya enzi za nasaba ya Gupta iliyowafuata Wakushana, ni miongoni mwa alama za kwanza tulizo nazo. Wadigambara wana pia kibao cha shaba kilichokatwa umbo la mtu aliyesimama, pakabaki tundu tupu: hiyo ni picha ya roho iliyokombolewa isiyo na mwili tena, na kumtafutia jina ni kupoteza wakati.

Picha za vitabu, hasa nakala za Kalpasutra, kitabu kitakatifu cha Washvetambara chenye habari za maisha ya Matirthankara, zilizochorwa Gujarat na Rajasthan katika karne ya 14 na ya 15, husomwa kwa njia nyingine. Humo Tirthankara hutambuliwa kwa tukio: mama amelala kitandani na kichanga, mtawa anang'oa nywele mbele ya Indra aliyenyosha mikono kuzipokea, mwalimu ameketi katikati ya kuta tatu zenye milango minne akiwahubiria viumbe wote, na mwishowe ameketi juu ya umbo la hilali, makao ya waliokombolewa. Matukio hayo ni ya kila mmoja wao, ila liko moja lisilo na utata. Ukimwona kiumbe mwenye kichwa cha mnyama amebeba kichanga kwa mikono miwili, huyo ni Harinegameshi akihamisha mimba kutoka kwa Devananda, mwanamke wa Kibrahmani, kwenda kwa malkia Trishala. Wadigambara hawaikubali habari hiyo, hivyo ukurasa huo mmoja unakujulisha mambo mawili: atakayezaliwa ni Mahavira, na kitabu kilitengenezwa kwa ajili ya Washvetambara.