Jinsi ya kusafiri ndege moja mkiwa na bukingi tofauti

Mkikata tiketi kila mtu kivyake, kwa shirika la ndege nyinyi ni watu msiojuana, hata mkiwa mke na mume. Ndege ikibadilishiwa saa, mmoja anaweza kuhamishiwa ya asubuhi na mwenzake akabaki kwenye ya jioni.

1. Kusanyeni namba. Kwa kila msafiri: namba ya bukingi (herufi na tarakimu, jumla 6), jina kama lilivyoandikwa kwenye tiketi, na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Mtu mmoja azishike zote.

2. Ombeni bukingi ziunganishwe. Hapa ndipo watu hupoteza muda. Piga simu, usihangaike na tovuti, maana nyingi hazina sehemu ya kufanyia hivyo. Sema: "Naomba muweke maelezo kwenye bukingi zote mbili kwamba tunasafiri pamoja." Sisitiza *zote mbili*. Yakiwekwa upande mmoja tu, mhudumu atakayefungua ule mwingine hataona kitu. Kabla ya kukata simu, mwombe akusomee alichoandika.

Usiombe bukingi ziwe moja. Kuigawa bukingi ni rahisi. Kuzifanya mbili zilizokwisha kutolewa tiketi ziwe moja kwa kawaida haiwezekani, na ukikubali kukatiwa upya utalipa nauli ya siku hiyo.

Angalia pia nani anairusha ndege. Ndege moja huweza kuuzwa na mashirika mawili, kila moja kwa namba yake ya safari. Mpigie anayeirusha, na umpe namba ya bukingi iliyo kwenye mfumo wake, ambayo mara nyingi si ile uliyopewa na muuzaji au wakala.

Maelezo hayo hayamlazimishi mtu. Hayashiki viti, na kompyuta ikihamisha abiria yenyewe inaweza kuyapita. Kazi yake ni kumfanya mhudumu awaone pamoja.

3. Mtoto. Asibaki peke yake kwenye bukingi. Mfumo unaweza kumhesabu kama mtoto asiye na msindikizaji na kumkatalia kuchekini (kuthibitisha safari na kupata pasi ya kupandia) mtandaoni. Hili limalizwe mapema kwa simu.

4. Viti. Vichagueni siku moja, mkiwa mnaongea kwenye simu. Kama kuna la kulipia, lipieni hili. Ndege ikibadilishwa aina, viti huvurugika, kwa hiyo viangalieni tena wiki ya safari.

5. Kuchekini. Wote dakika ileile muda wa kuchekini unapofunguka, mara nyingi saa 24 kabla ya safari.

6. Mizigo. Msitegemee kuchangia kilo. Hata mashirika yanayoruhusu, mengi hutaka muwe kwenye bukingi moja. Pimeni kila begi nyumbani.

7. Ndege ikifutwa. Asiwepo wa kubonyeza "kubali" kwenye simu yake kabla wenzake hawajaona walichopewa. Nendeni kaunta pamoja na mtoe namba zote kwa mara moja, mkianza na swali la viti vilivyobaki: "Ni ndege ipi ina nafasi ya watu wanne?"