Kuchagua stendi ya kutengenezea baiskeli nyumbani Mombasa

Kwa kuziba pancha, pindua baiskeli miguu juu barazani, mambo yataisha. Lakini kurekebisha gia baiskeli ikiwa imepinduka ni kama kumnyoa mtu aliyelala kifudifudi. Na ikiwa breki zako ni za mafuta, hewa huweza kuingia kwenye mpira wake, ukaamka asubuhi breki ni laini kama mkate wa kumimina. Hapo ndipo stendi inapohitajika.

1. Anza na baiskeli, si stendi

Panda kwenye mizani ukiwa umeibeba, kisha panda peke yako, utoe. Blakimamba yenye keria hukaribia kilo 20, na ya umeme huweza kupita 25. Uzito ambao stendi inauhimili uwe mkubwa zaidi ya huo, kwa sababu nawe utakuwa unasukuma na kuvuta.

Pima pia unene wa bomba linaloshika kiti. Vipimo vya kawaida ni milimita 27.2, 30.9 na 31.6, na taya za stendi nyingi huvishika. Likiwa bapa badala ya mviringo, uliza kwanza.

2. Itashikwa wapi?

Kuna stendi za kibano, na kuna zinazoibeba baiskeli kwa chini, kwenye kitovu cha pedali, baada ya kutoa gurudumu moja. Kwa nyumbani mie nachagua kibano, maana unaweza kutoa magurudumu yote mawili. Mwenye fremu ya kaboni afikirie ile ya pili.

Kibano kishike bomba linaloshika kiti, kamwe kisishike fremu. Somo hili nililinunua: nilibana bomba la juu la baiskeli nyepesi ya alumini ya mteja, nikasikia "tk!", na pakabaki bonde la ukubwa wa dole gumba. Nililipa. Kiti kikiwa chini mno, weka alama kwa utepe, kipandishe, ukimaliza ukirudishe palepale.

3. Miguu

Wengi huangalia kibano wakasahau miguu. Stendi ya miguu miwili ni nyepesi na hukunjwa upesi, lakini inataka sakafu iliyonyooka. Ukifanyia kazi juu ya paa, kama sisi wa magorofa ya Tudor tunaoanika nguo huko, chukua ya miguu mitatu, tena yenye kutanuka sana. Kuanzia Aprili kusi ikivuma, baiskeli iliyotundikwa ni tanga. Mguu mmoja uelekee upande ule ule baiskeli inakoning'inia. Ukielekea kwingine, stendi itainama na mzigo wake.

Pima urefu wake ikiwa imekunjwa. Ya kilo 5 au 6 unaipandisha ngazi bila kulalamika, hata kuvuka nayo feri ya Likoni. Nzito zaidi ya hapo utaiacha chini, na stendi iliyoachwa chini haitumiki.

4. Chumvi

Nenda dukani na sumaku. Ikinasa miguuni, ni chuma, na hewa ya bahari yetu haina huruma na chuma. Alumini ni bora, ila bolti zake huwa za chuma, na viwili hivyo vikikutana kwenye chumvi hugandana hata spana ikashindwa. Tia grisi kwenye bolti siku hiyo hiyo unayoinunua, na ukiifuta, tumia kitambaa chenye maji ya mfereji yasiyo na chumvi.

5. Jaribu na baiskeli yako

Itundike. Zungusha pedali, badilisha gia zote, kisha kandamiza kiti kwa mkono. Kichwa cha kibano kikizunguka chenyewe, iache hapo hapo hata bei ikiwa tamu. Mnyororo uweze kuja karibu na usawa wa kiwiko chako, mgongo usikulaumu jioni. Uliza kama mipira ya taya huuzwa peke yake, maana ndiyo hulika mwanzo.

Na pedali zilizokaza usizifungulie hewani, utaivunja stendi mpya. Shusha baiskeli chini, mwenzio aishike, ukumbuke ya kushoto hufunguka kwa kuzungushia upande unaofungia nati nyingine.